Mguu Wangu, Mikono ya Bi Mwanaidi

Bwana asifiwe sana, wapendwa! Mkiitika kwa nguvu namna hiyo mnanitia moyo, maana leo nimekuja na neno ambalo sijawahi kulisema mbele ya watu. Mniwie radhi, nitasema nikiwa nimekaa. Mchungaji ameniwekea kiti hapa mbele, namshukuru. Na neno likikwama mdomoni msihangaike. Ulimi wangu bado mzito upande mmoja. Nipeni nafasi tu, litatoka.

Jina langu ni Atupele, lakini hapa Kirongwe mmezoea kuniita Mama Tusekile, kwa jina la binti yangu. Nina miaka sitini na nane. Kwetu ni Tukuyu. Nililetwa hapa Mafia na marehemu mume wangu, aliyekuwa fundi mwashi. Alikuja kujenga madarasa, kazi ikaisha, tukasema tubaki msimu mmoja zaidi. Ule msimu mmoja ndio huu hadi leo! Mume wangu amelala hapa hapa kisiwani, na mimi nimekuwa mtu wa hapa.

Kazi yangu ilikuwa ushonaji. Wengi wenu nimewashonea. Nikiangalia tu humu ndani naona magauni matatu yaliyotoka mkononi mwangu, na wewe mzee wa kanisa, suruali hiyo niliipunguza kiuno mimi mwenyewe! Nilikuwa na vyerehani viwili kibarazani, kimoja cha ovaloki, cha kufunga kingo za nguo zisifumuke, na kimoja cha miguu, cha zamani, kizito kama mwamba. Nilikuwa nashona kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, napika, nashona tena mpaka jua lipungue. Wakati wa kufungua shule watoto walipanga foleni kupimwa sare. Ndugu zangu, nilikuwa mtu mwenye kiburi cha kazi. Niliwahi kusema hapa hapa kanisani, siku ya sadaka ya shukrani, kwamba mimi siombi chumvi kwa jirani. Nilisema hivyo, na watu wakapiga makofi.

Lakini moyoni nilikuwa na hofu moja. Sisi hatukuwa watumishi wa serikali. Mume wangu hakuacha pensheni, na mimi sina. Kila nilipomwona mama mzee anashikwa mkono kuvuka barabara, nilikuwa najiuliza, mimi siku mikono hii ikichoka nitakula nini? Kisha naikanyaga hofu hiyo kwa mguu, naendelea kushona.

Basi siku moja asubuhi nilikuwa naweka kola kwenye shati la shule. Nikaona mkasi umeanguka. Nikainama kuuokota, mkono wa kulia haukwenda. Nikauambia, nenda! Haukwenda. Nikajaribu kusimama, mguu wa kulia nao haupo. Nikataka kuita, ikatoka sauti ambayo siijui, kama ya mtu mwingine. Mama mmoja aliyekuja kuchukua nguo zake ndiye aliyenikuta nimelala chini, na lile shati nimeling'ang'ania kwa mkono wa kushoto.

Wakanipeleka hospitali Kilindoni. Nikaambiwa ni kiharusi, kimeletwa na presha ambayo sikuwa najua kama ninayo. Nilikaa wodini siku nyingi. Mungu ni mwema, sikufa! Mlikuja kuniona, mkaimba, mkaniombea. Binti yangu Tusekile alikuja kutoka Dar es Salaam akanilaza, akaniogesha, akanilisha kwa kijiko. Lakini yeye ni mama lishe, ana watoto wanne, na mume wake alishaondoka. Akifunga biashara siku moja, watoto hawali. Baada ya wiki kadhaa ilibidi arudi. Alitaka anichukue. Nikamwambia, mwanangu, mnalala watano chumba kimoja, mimi utaniweka wapi, juu ya meza?

Nikarudi nyumbani na mkongojo na mfuko wa dawa.

Ndugu zangu, hapo ndipo shida ilipoanza. Ugonjwa wenyewe niliuona ni jambo la mwili. Lakini kurudi kwenye nyumba ile, nikiwa na mkono uliolegea kama kitambaa kilicholowa, ndiko kulikonivunja. Kufunga kanga nashindwa. Kumenya muhogo nashindwa. Kwenda chooni ni safari, na mara nyingine safari inanishinda katikati. Mimi, niliyesema siombi chumvi, nikawa namsubiri mtoto wa mtu apite njiani nimwombe aninyanyulie ndoo.

Cherehani cha ovaloki kikauzwa. Kitanda kikubwa kikauzwa. Kuku wakaisha mmoja mmoja. Kile cha miguu hakuna aliyekitaka, watu walikiangalia wakacheka, wakasema hicho ni chuma chakavu. Tusekile alikuwa akinitumia kidogo kwa simu kila alipopata. Siku moja alipiga, tukaongea vizuri, tukaagana. Hakukata simu sawasawa. Nikamsikia analia upande wa pili, analia vibaya, na mwanawe anamuuliza, "Mama, bibi amekufa?" Naye akajibu, "Hapana, baba. Nyamaza."

Sauti ile ilikaa kichwani mwangu.

Na hapa nitasema ukweli, si kwa kumlaumu mtu. Mwanzoni mlikuja wengi. Baadaye mkawa wachache. Kila mtu ana shamba, ana kazi, ana wagonjwa wake, naelewa. Lakini mpendwa mmoja alikuja siku moja, akakaa, akanishika ule mkono uliopooza, akaniambia, "Dada, jichunguze. Pengine kuna dhambi hujaitubu. Mbona watu wanaombewa wanapona?" Aliniambia kwa upendo, najua. Lakini alipoondoka nilifunga dirisha. Na sikulifungua tena.

Wapendwa, nilidhani nimeishiwa imani. Sikuweza kuomba. Nikianza kusema "Baba," maneno yanaisha hapo. Sikuwa nalia hata. Mtu anayelia bado ana kitu ndani. Mimi nilikuwa mtupu. Chakula kilikuwa kama majivu. Nilikaa siku tatu, nne, bila kuoga, na sikujali. Watu wakipita nje wakibisha hodi, nanyamaza mpaka waende. Wengine wakasema nimetupiwa jini. Wengine wakasema ni uzee tu. Nami nikakubali kwamba ni uzee, kwamba hivi ndivyo mtu anavyoisha.

Sasa nisikilizeni, maana hili ndilo lililonileta mbele. Niliacha kumeza dawa za presha. Sikusahau. Niliacha kwa makusudi. Nilijua daktari alisema nikiziacha kiharusi kitarudi, na kikirudi huenda nisiamke. Nikawaza, kikirudi, Tusekile atalia mara moja kisha atapumzika. Kila asubuhi nilikuwa nazichukua dawa, nazitia kwenye droo ya cherehani, nafunga. Ili mtu akiniuliza, mfuko unaonekana unapungua. Mimi mama wa kanisa, mwimbaji wa kwaya miaka yote hiyo! Nilikuwa nangoja kufa na nikajiambia si dhambi, maana sikuwa nafanya kitu, nilikuwa naacha tu kufanya.

Haleluya! Mungu hakuniacha!

Jirani yangu ni Bi Mwanaidi. Mnamjua, ndiye yule aliyekaa nje karibu na dirisha hili. Nilimwomba aingie, akasema yeye Mwislamu atasikilizia nje, na nikiongeza chumvi atanikatiza. Bi Mwanaidi ni wa kisiwa hiki, mama yake na bibi yake ni wa hapa. Miaka mingi alilima mwani upande wa Jibondo, amesimama ndani ya maji chumvi ameinama tangu asubuhi, mpaka magoti yakakataa. Sasa anakaa na mwanawe nyumba ya pili kutoka kwangu. Tulikuwa tunasalimiana tu, habari za asubuhi, nzuri, basi. Wiki moja kabla sijaugua aliniletea kitambaa nimshonee mjukuu wake gauni la harusi. Kitambaa kizuri, cha rangi ya maziwa, chenye kung'aa. Nilimpima yule binti, nikakiweka kwenye droo. Kisha nikaanguka.

Siku hiyo alikuja kukidai. Alibisha hodi, sikuitika. Akabisha tena. Watu wote walikuwa wanaondoka nikinyamaza. Yeye akasukuma mlango.

"Mama Tusekile, mie najua umo. Majivu ya jana yako pale pale jikoni, takataka ziko pale pale mlangoni. Nimekuja kwa kitambaa changu. Harusi imekaribia, nitatafuta fundi mwingine."

Nikamwambia kiko kwenye droo. Sikuwaza. Ndugu zangu, nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata kuficha nilisahau! Akavuta droo. Akageuka, kitambaa kiko begani na kiganja kimejaa vidonge, vingine vinadondoka sakafuni.

"Hivi ni nini?"

Nikageukia ukuta.

"Mama Tusekile. Hizi ni dawa zako?"

"Ndizo."

"Za tangu lini?"

"Za tangu nilipochoka."

Akakaa kitandani kwangu. Magoti yake yakalia. Nilitegemea atapiga kelele, aite watu. Hakupiga kelele. Alikaa muda, akavipanga vile vidonge kwenye mapaja juu ya kanga yake, halafu akasema polepole, "Mie nilipompoteza kijana wangu baharini, nilikaa ndani miezi saba. Hakuna aliyejua nilikuwa nawaza nini. Hakuna aliyefungua droo yangu." Kisha sauti ikabadilika. "Basi wewe yako nimeifungua. Inuka ukoge."

"Siwezi."

"Najua huwezi. Nimesema inuka, sikusema inuka peke yako."

Akanikokota! Mwanamke ambaye magoti yake hayakunjiki! Tulipofika uani sote wawili tulikuwa tunahema kama tumepanda mlima. Akaniogesha, akanivisha, akaita usafiri, na safari nzima ya kwenda Kilindoni alinishika mkono ule ule wa kulia, ule usiosikia. Sikuusikia mkono wake, lakini nilikuwa nauona.

Hospitali tukapokelewa na muuguzi mmoja, binti mdogo. "Shikamoo, mama." "Marahaba." Akanipima presha, ilikuwa juu sana. Hakunigombeza. Alivuta kiti chake karibu, akafunga mlango, Bi Mwanaidi akiwa ubavuni kwangu, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza nimekula nini, "Mama, umekuwa ukiwaza kwamba ni afadhali usiwepo?"

Wapendwa! Tangu nianguke, niliulizwa kuhusu mkono. Niliulizwa kuhusu mguu. Niliulizwa kuhusu dhambi. Hakuna mtu hata mmoja aliyeniuliza swali lile. Na mdomo wangu uliopinda ukasema, "Ndiyo." Halafu nikalia. Nililia mpaka kanga ya Bi Mwanaidi ikalowa begani. Nikamwambia yule binti yote, mpaka la Tusekile kulia kwenye simu.

Akamwita daktari. Daktari akaniambia, "Mama, hii inaitwa sonona. Huwapata watu wengi baada ya kiharusi. Ni ugonjwa, kama presha ilivyo ugonjwa. Ina dawa, na ina mazungumzo, na ina muda." Nikamuuliza, "Si kukosa imani?" Akatabasamu. Akasema, "Mama, mimi sipimi imani. Lakini nawaona wenye imani wengi wakija hapa."

Nilitoka pale na dawa mpya na za zamani, na miadi ya kurudi kuzungumza na yule muuguzi. Bi Mwanaidi alizichukua dawa zote, akazitia kwenye mkoba wake. Akasema, "Hizi zitalala kwangu." Kuanzia siku hiyo, kila asubuhi na kila jioni, anakuja na kikombe cha maji. "Fungua mdomo. Meza. Inua ulimi nione." Kama mtoto! Nikikasirika, ananiambia, "Kasirika. Mtu anayekasirika yuko hai."

Sitaki niwadanganye kwamba nilifunguliwa siku ile. Hapana. Wiki ya kwanza hakuna kilichobadilika. Ya pili nilimwambia Bi Mwanaidi dawa hizi ni chaki. Muuguzi akanionya nisiziache, akaniambia huchukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi. Akanifundisha mazoezi, kufungua na kufunga vidole vya mkono mgonjwa kwa msaada wa ule mzima, kutembea mpaka mlangoni, kesho mpaka barabarani. Akanipa kazi moja ya ajabu, kwamba kila siku nifungue dirisha. Hilo tu. Nikalifungua.

Asubuhi moja, sikumbuki wiki ya ngapi, nilikuwa uani naosha sufuria kwa mkono mmoja, nimeibana kwa magoti. Bi Mwanaidi akaingia na kikombe chake, akasimama mlango wa uani. Nikamuuliza, "Kuna nini?"

"Unaimba," akasema.

Sikuwa najua! Ndugu zangu, nilikuwa naimba pambio la kwaya yetu, sauti ya pili, ile ile niliyokuwa naimba hapa! Nilikuwa sijaimba tangu nianguke. Nikaacha sufuria, nikasema, "Baba," na safari hii maneno hayakuishia hapo. Niliomba pale uani, mikono ina masizi, na Bi Mwanaidi amesimama na kikombe ananingojea nimalize. Nilipomaliza akasema, "Amina. Haya, fungua mdomo."

Msifuni Bwana! Hiyo ndiyo siku yangu ya kufunguliwa. Mkono haukuinuka. Mguu haukunyooka. Lakini moyo ulirudi nyumbani kwake.

Sasa kulikuwa na lile gauni. Harusi ilikuwa imeahirishwa mpaka baada ya mfungo wa Ramadhani, na fundi mwingine Bi Mwanaidi hakuwa ametafuta, alikuwa na kazi ya kuninywesha dawa! Akakaa kibarazani kwangu, kitambaa mapajani, akasema, "Ungekuwa na mkono."

Nikamwambia, "Na wewe ungekuwa na magoti, ungekanyaga mwenyewe, mimi ningekuelekeza."

Akanitazama. Nami nikamtazama. Akasema, "Mguu wako wa kushoto si mzima?"

"Mzima."

"Na mie mikono yangu si mizima?"

Tulicheka kwanza. Kisha tukaacha kucheka. Tukavuta benchi, tukaliweka mbele ya kile cherehani cha miguu, kile chuma chakavu kisichotakiwa na mtu. Yeye akakaa kushoto, mimi kulia kwake, mguu wangu mzima ukapata kanyagio. Yeye akashika kitambaa. Kipande cha kujaribia, si cha harusi, hatukuwa wazimu! Nikamwambia, "Zungusha gurudumu kwa mkono, kuelekea kwako." Akazungusha. Nikakanyaga.

Sindano ikakatika.

Tukaweka nyingine. Nikakanyaga haraka mno, yeye akapiga ukelele, kitambaa kikakimbia, mshono ukaenda kama nyoka aliyelewa. Akaniambia, "Polepole! Unakwenda wapi, Kilindoni?" Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka nikashika ubavu, mpaka mate yakanitoka upande ule usiofunga, na yeye ananifuta huku anacheka, na watu wanapita njiani wanasimama kuangalia vibibi viwili vinavyocheka mbele ya cherehani. Sijui mara ya mwisho nilicheka lini kabla ya hapo. Labda mume wangu alikuwa hai.

Wiki tatu tulijifunza. Nilimfundisha kusoma futi ya kupimia, kukata, kuweka pindo. Mkasi niliushika mwenyewe kwa mkono wa kushoto, mwanzoni nikakata kama panya, baadaye nikanyooka. Tukashona foronya. Tukashona sketi ya mjukuu wake mdogo, mifuko ikaangalia chini. Na kisha tukakunjua kile kitambaa cha rangi ya maziwa. Bi Mwanaidi akaipangusa mikono yake kwa kanga mara mbili, hataki kukishika. Nikamwambia, "Wewe umefunga kamba za mwani ndani ya mawimbi. Kitambaa hiki hakina mawimbi." Akashusha pumzi. Tukaanza.

Siku ya harusi nilikaa mbele pamoja na akina mama wa familia. Bibi harusi alipotoka, vigelegele vilipigwa, na mama mmoja akauliza, "Gauni hili limeshonwa Dar?" Bi Mwanaidi akasimama, na magoti yake yale, akasema kwa sauti, "Limeshonwa Kirongwe! Mguu wa Mama Tusekile, mikono yangu mie!"

Nimemsikia hapo nje anacheka. Anasema sijaongeza chumvi. Mungu apewe sifa!

Ndugu zangu, tangu hapo hatujakaa bure. Sare za shule tunashona. Mapazia tunashona. Madera tunashona, na kanzu mbili tulishonea watu wa msikiti, moja kola yake ilikuwa ndogo, tukaitoa tukaiweka upya bila kulipwa, maana jina la fundi ni mali. Sijawa tajiri. Kuna wiki kazi zinakauka na tunakula uji tukishukuru. Lakini dawa zangu nanunua mwenyewe sasa. Bati lililokuwa linavuja limebadilishwa. Na mwezi uliopita Tusekile alikuja, bila kuitwa na ugonjwa, alikuja kutembea tu kama watoto wengine wanavyowatembelea mama zao! Alinikuta kibarazani nakanyaga cherehani na Bi Mwanaidi ananikaripia. Akaweka mzigo chini barabarani, akalia. Nikamwambia, "Mwanangu, leo unalia sawasawa. Njoo ukae, tutakupima gauni."

Yule mpendwa aliyeniambia nijichunguze dhambi naye alikuja. Aliniletea sare za wanawe zipunguzwe. Alisimama mbele yangu akiwa amezishika mkononi. Akasema, "Dada, nilikosea kukuambia vile." Nikamwambia, "Nilishasahau." Halikuwa kweli, sikuwa nimesahau. Lakini nilipolisema nikaona limeanza kuwa kweli. Tulimpunguzia pindo bure.

Nisiseme uongo mbele ya madhabahu. Bado ziko siku nzito. Naamka na lile wingu liko pale pale kitandani, limekaa. Siku hizo nafanya niliyofundishwa, nafungua dirisha, nameza dawa, namwambia mtu. Siionei haya dawa. Nanywa ya presha, nanywa ya sonona, na ninaomba. Zamani nilidhani Mungu akitaka kunifungua atafanya yeye mwenyewe, peke yake, kwa ngurumo. Sasa namshukuru kwa kumtumia binti mdogo wa hospitali aliyejua kuuliza. Namshukuru kwa daktari. Namshukuru kwa jirani asiyeogopa kusukuma mlango. Yeye ni Mungu, anatumia anayemtaka, na hakuniuliza kwanza kama nitapenda!

Nawashukuru na ninyi. Nasema kwa wazee wenzangu hasa. Wewe uliyefanya kazi maisha yako yote na sasa mwili umekataa, usikae peke yako na mawazo yako. Wewe unayejiona mzigo kwa watoto, watoto wako hawajakwambia hivyo, ni ugonjwa unaokwambia. Na ninyi mlio na nguvu, mkimtembelea mzee msimwulize mguu tu. Mwulizeni moyo. Kisha nyamazeni, mumsikilize mpaka amalize. Na akiwaambia maneno mazito, mpelekeni hospitali siku ile ile, msiseme tutaomba kwanza. Mtaomba njiani.

Mtumaini Mungu, wapendwa. Mimi nilimwacha, yeye hakuniacha. Nilinyamaza, yeye akaendelea kusema kwa vinywa vya watu. Anaweza kuifanya hiyo nusu iliyobaki kwako iwe na kazi, iwe na kicheko, iwe na sababu ya kuamka.

Jumanne hii mimi na Bi Mwanaidi tunakwenda kliniki Kilindoni, yeye magoti, mimi presha na moyo. Tunakwenda kwa bajaji. Nyuma wanakaa watatu, na sisi tuko wawili. Sitauliza nani ana shida gani, wala sitamwambia mtu. Tunaondoka saa mbili asubuhi, pale kibarazani kwangu. Nafasi moja iko wazi. Njoo tu ukae.

Amina!